Mwalimu Asiyefuta Tamasha

Hatukumwita kondakta. Kondakta, hapa Kampala, ni yule anayening'inia mlangoni mwa teksi akiita abiria, na siku mgeni mmoja wa heshima alipomtambulisha kwa jina hilo kwenye kipaza sauti, mzee wetu alinuna mpaka wimbo wa tatu. Tulimwita Mwalimu. Nilikaa mbele ya kijiti chake miaka kumi na minne, kwanza nikipuliza klarineti ya pili, baadaye ya kwanza, na miaka yote hiyo nilikuwa pia mtunza nota wake. Alizaliwa wapi na babu yake alitoka na jeshi gani, aulizwe mwingine. Mimi nilimjua kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa sababu stendi ya nota ilimficha sehemu iliyobaki.

Alikuwa Mnubi, mstaafu wa bendi ya askari, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisichojali ngeli wala kuomba radhi. Okestra yetu ilikuwa na Waganda, Waacholi, Wakongo wawili na Mkenya mmoja aliyejiona mwalimu wa lugha, na wote tulikubaliana kuelewana kwa Kiswahili hicho. Baba yangu naye alikuwa askari, mtu wa kaskazini, kwa hiyo ndicho nilichokulia. Mkenya alijaribu kumsahihisha mara moja. Mwalimu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Asante. Sasa sahihisha ile fa sharp yako."

Majina yetu hakuyatumia. Alituita kwa vyombo vyetu, na hata tukikutana sokoni ilikuwa, "Fidla, mama amepona?" au, "Wewe Filimbi, mbona unanenepa?" Mimi nilikuwa Klarineti ya Pili hata baada ya kupanda cheo, mpaka aliyekuwa wa kwanza akahamia Nairobi na heshima yake ikawa imeondoka nchini kihalali. Mpuliza tromboni wetu alipooa, Mwalimu alisimama kutoa nasaha na akamwita bibi harusi "bibi ya Tromboni" mara tisa. Yule mama ana watoto watatu sasa, na kanisani kwao wanamwita Mama Tromboni hadi leo.

Watu waliokuja kwenye matamasha yetu walimwona akipunga mikono saa mbili, wakasema kazi ile ni raha. Ningependa kuwaonyesha wiki yake. Okestra yetu, watu thelathini hivi, ilifanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa moja pale Kasubi. Mbali na sisi alikuwa na bendi ya matarumbeta ya Bwaise, ya harusi na mazishi. Alikuwa na bendi ya wasichana wa shule, na juu ya hayo kwaya ya kanisa jingine iliyomwazima kwa mwezi mmoja ikasahau kumrudisha. Akitoka kwa hawa anapanda boda kwenda kwa wale, kijiti kikiwa kimechomekwa kwenye soksi.

Na huko kupunga mikono kulikuwa sehemu ndogo tu. Nota za okestra huandikwa kwa ajili ya watu wenye vyombo vyote, na sisi hatukuwa na vyombo vyote. Palipoandikwa fagoti, sisi tulikuwa na saksafoni. Palipotakiwa pembe nne, tulikuwa na pembe moja na mwenye pembe alikuwa na pumu. Kwa hiyo baada ya sala ya alfajiri Mwalimu aliketi mezani na penseli akaandika upya kila mstari, chombo kwa chombo, mpaka mkewe alipoweka chai juu ya karatasi makusudi ili amkatishe. Mama yule alikuwa mwenye maneno machache. Chai ndiyo ilikuwa hotuba yake.

Kulala alilala, lakini kwa namna yake. Kabla ya mazoezi kuanza aliketi juu ya sanduku la ngoma kubwa, akashika kijiti kwa vidole viwili, akafumba macho. Dakika chache baadaye usingizi ulipokolea, kijiti kilimponyoka, kikaanguka sakafuni, naye akaamka kwa mlio ule na kusema, "Haya, kutoka namba kumi na mbili." Sisi tulidhani ni ufundi, na kuna kijana wa tarumbeta aliyejaribu kuuiga akaanguka yeye.

Usemi wake mkuu ulikuwa mmoja. "Tamasha haiwezi kufutwa. Tamasha inapunguzwa tu." Aliusema kama amri ya jeshi, na aliuishi. Mvua ilipojaza Bwaise maji siku ya harusi iliyoalika okestra nzima, tulifika watu saba kati ya thelathini. Mpuliza tuba, Mganda wa Kasubi aliyemwita "Mwarimu" tangu siku ya kwanza, alivuka maji yaliyofika magotini akiwa ameitundika tuba shingoni, samaki mdogo akiwa ndani yake, au ndivyo alivyoapa. Mwenye harusi akasema basi, tutumie redio. Mwalimu akapanga viti thelathini vilevile, akatuketisha mahali petu, akaongoza saba kama thelathini. Alipofika penye tromboni, ambazo wakati huo zilikuwa zimekwama upande wa pili wa barabara ya Bombo, aligeukia viti vitupu akavipa ishara kwa uso mkali kabisa. Wageni wote waligeuka kuangalia. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi aliniambia baadaye kwamba tromboni zilikuwa nzuri ila zilipiga chini kidogo.

Siku nyingine mgeni wa heshima alichelewa kwa saa nne. Programu ikaisha, Mwalimu akaianza tena kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mgeni alipoingia tulikuwa tunapiga wimbo wa kufungua, akashukuru kwa kuwa tumemngoja.

Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na kila Pasaka ndiye aliyeongoza okestra kanisani. Hakuna aliyeona ajabu isipokuwa wageni. Miaka ile Ramadhani na Pasaka zilipokutana alisimama jioni nzima bila tone la maji, na Padri, aliyempenda sana, alikuwa akimtazama kwa wasiwasi zaidi kuliko alivyoutazama mshumaa wa Pasaka. Lakini Mwalimu alikuwa amepiga hesabu zake. Programu aliipanga ili wimbo wenye kinanda peke yake uangukie dakika ya magharibi. Kinanda kikianza alishusha mikono, akageuka upande kidogo, akatoa tende mfukoni mwa kizibao. Waumini wa mbele walilijua jambo hilo na walimngoja. Bibi mmoja wa benchi la kwanza alikuwa akimnong'oneza, "Kula, mzee, kula," na Mwalimu akatafuna kwa adabu, akafuta vidole, akainua kijiti pale hasa kinanda kilipomhitaji.

Sasa niseme na makosa yake, asije akasikia nimemfanya malaika. Alidai tufike robo saa kabla, naye alifika robo saa baadaye, akitukemea kwa kuchelewa. Alitukataza kahawa ukumbini huku chake kikombe kikiwa juu ya piano. Hakuweza kuimba hata kidogo. Alipotaka kutuonyesha sauti fulani alitoa mlio wa mbuzi aliyefungwa kamba fupi, na ole wake aliyecheka. Na hakuwa na uwezo wa kumkatalia mtu. Simu ikilia, mtu akasema, "Mwalimu, Jumamosi tuna jambo letu," yeye alijibu "Tutakuja" kabla hajaambiwa ni jambo gani. Mimi nilikuwa nikimwambia mshika mawili moja humponyoka. Alinijibu kwamba yeye ameshika manne, kwa hiyo methali haimhusu.

Siku ya kwanza niliyoogopa ni siku ya nota mbili. Ni lazima nieleze tulivyofanya kazi. Bendi zote zilitumia nakala zilezile za nota, kwa sababu Mwalimu hakuwa na mikono ya kuziandika mara mbili. Bibi harusi wa Bwaise ana hatua chache tu kutoka mlangoni hadi kitini, kwa hiyo Mwalimu alikata wimbo katikati, hata kwenye nota za fidla zetu zilizoazimwa huko kwa harusi kubwa, kwa alama ya penseli: ruka kutoka hapa, nenda pale. Wimbo uleule ukirudi Kasubi tulitakiwa kuupiga wote, na kazi yangu mimi mtunza nota ilikuwa kupita na raba kufuta alama za Bwaise. Asubuhi ile alinipigia simu akasema, "Futa za matarumbeta tu, hizo za fidla ni safi." Nikafuta za matarumbeta.

Za fidla hazikuwa safi. Katikati ya tamasha fidla zote ziliruka kurasa mbili kama mtu mmoja, na sisi wapulizaji tukabaki nyuma tukiendelea kwa heshima zetu. Niliona uso wa Mwalimu ukibadilika. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona mwingine akilifanya: mkono wa kulia aliwapa fidla, wa kushoto akatupa sisi, akaongoza nyimbo mbili kwa mwili mmoja, jasho likimtiririka, mpaka fidla zilipofika mwisho akazirudisha mwanzoni mwa ukurasa kwa jicho tu, zikazunguka zikitungoja. Tulimaliza pamoja. Watu walisimama kupiga makofi na gazeti moja likasifu mtindo mpya.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa nikiwa na raba mkononi, tayari kukemewa. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta. "Siyo wewe, Klarineti," akasema. "Mimi niliona fidla nimefuta. Kabisa niliona." Akajipangusa jasho. "Niliota, pengine." Sote tuliicheka hadithi ile mwaka mzima, na yeye alicheka kuliko wote. Mimi nilicheka pia, lakini tangu siku ile nilianza kumtazama mikono.

Daktari alimwambia. Mkewe alimwambia kwa chai. Presha ilikuwa juu na moyo umechoka, abaki na bendi moja, hata hiyo kwa kiasi. Sikio la kufa halisikii dawa. Akachukua vidonge, akaviweka kwenye kisanduku cha kuwekea mianzi, vile vipande vyembamba vya mdomoni mwa klarineti, na akaongeza mazoezi ya Alhamisi kwa ajili ya tamasha kubwa la okestra.

Tamasha lenyewe lilikuwa Jumamosi saa kumi. Asubuhi alikuwa na gwaride la wasichana wa shule, adhuhuri harusi ya Bwaise, na jioni sisi. Gwaride halikumalizika. Alianguka kwenye nyasi mbele ya wasichana, nao, kwa jinsi alivyowafundisha, walipiga mpaka nota ya mwisho ndipo wakapiga kelele. Walimpeleka kliniki moja pale Kalerwe. Nilipofika ilikuwa saa tisa, yuko kitandani, mkewe pembeni, na daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, ananiambia mimi kwa kuwa mzee hamsikilizi: "Leo akisimama kwa saa mbili mbele ya watu, mimi sikuhakikishii kama atarudi nyumbani."

Mwalimu alikuwa anatafuta viatu kwa vidole vya miguu.

"Ita boda," akaniambia.

"Mwalimu, daktari amesema ulale."

"Nitalala kesho. Watu wamefika?"

"Wanafika."

"Basi wewe shika kijiti. Mimi nitakaa nyuma tu."

Nilimjua. Nilijua atakaa nyuma kwa wimbo mmoja, wa pili atasimama, wa tatu atakuwa mbele. Nikamtazama mkewe. Alikuwa ameshika viatu vyote viwili mapajani, chini ya mkoba, na alinitazama kwa namna ya mtu aliyekuwa akisema jambo lilelile miaka arobaini na sasa amechoka kulisema peke yake. Nikaelewa kwamba maadamu kuna tamasha Kasubi, mtu huyu ataondoka kitandani, bila viatu ikibidi. Dawa ilikuwa moja. Nikatoka mlangoni nikampigia Padri, mwenye ukumbi, nikamwambia tamasha limefutwa.

Nilirudi nikamwambia mwenyewe, usoni. Nilitaka alisikie kwangu.

Aliacha kutafuta viatu. "Nani amefuta?"

"Mimi."

"Wewe Klarineti."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akageukia ukuta. Sikuwahi kuona mgongo wake kabla ya siku hiyo, na ulikuwa mwembamba. Nililia njia nzima kwenda Kasubi, na dereva wa boda akaniuliza nimefiwa na nani.

Ukumbini mambo yalikuwa hayo unayoyawaza. Watu walikuwa wameshaketi, wengine wametoka Entebbe, mwanamke mmoja amevaa gomesi jipya akaniuliza atalivaa tena lini. Nilisimama jukwaani nikasema Mwalimu ni mgonjwa na hakuna tamasha. Minong'ono ikawa mingi. Kutoka nyuma Mkenya akasema tungepunguza tu, na wengi wakaitikia. Nikasema hapana, nendeni nyumbani. Tuba peke yake alisimama upande wangu. "Mwarimu kwanza," akasema, akaanza kufunga chombo chake. Sambusa za wageni zililiwa zote, na nasikia zilikuwa nzuri.

Mwalimu alipona. Alikaa kliniki siku sita, akarudi nyumbani, na hakusema nami kwa miezi minne. Nilikwenda kila Jumapili. Mkewe alinikaribisha, akanipa chai na kisra, ule mkate mwembamba wa Kinubi, nami nilimsikia mzee nyuma ya nyumba akikohoa kikohozi cha mtu anayetaka ajulikane kwamba yupo na hatoki. Niliumia, sitaficha. Kuna Jumapili nilitaka kwenda nyuma nikapige magoti niombe msamaha, lakini kila nikitafuta kosa la kuombea sikuliona.

Bendi zake zikaja kwangu. Okestra ilikuwa ya kwanza, na hiyo niliitaka. Kisha Bwaise wakaniambia ni harusi moja tu. Mkuu wa shule akanipigia akilia. Kwaya wakasema ni mwezi mmoja. Sikuweza kumkatalia hata mmoja wao. Ningeacha kundi moja life, ningehisi nimemuua yeye niliyemwokoa. Nikajifunza kuandika nota upya alfajiri. Nikawa nasahau kula. Watoto wangu walinizoea mgongo, na mume wangu, mtu wa utani, aliniuliza kama na mimi naweza kuazimwa nyumbani kwa mwezi mmoja.

Alhamisi moja nilitoka kwa wasichana wa shule nikapitia Kalerwe kununua ndizi za kula nikitembea. Ilikuwa saa tisa na nusu, mazoezi ya kwaya ni saa kumi. Mfuko wa nota begani, simu mkononi, nimekohoa wiki nzima. Nikasikia mtu anaita, "Klarineti."

Alikuwa ndani ya kibanda cha chakula, nyuma ya mafungu ya kabichi, ameketi mbele ya sahani ya katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na nyama. Nilikuwa nimemjua miaka kumi na minne na sijawahi kumwona akila akiwa ameketi. Alikuwa amenenepa kidogo. Nikasimama palepale, sijui nimsalimie vipi mtu aliyeninyima neno miezi minne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

"Nina kwaya saa kumi, Mwalimu. Nitapita Jumapili."

"Leo umekula nini?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa kweli, na sikukumbuka. Alinitazama mikono, jinsi mimi nilivyokuwa nikimtazama yake. Nikaketi.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa ya mwenyekiti wa kwaya, mama mwenye sauti inayovuka barabara. Kabla sijaitikia, Mwalimu alinyoosha mkono akaichukua.

"Ndiyo, mama. Ni mimi, ndiyo. Nimepona, Mungu mkubwa." Akasikiliza. "Yeye hapana kuja. Leo mazoezi imefutwa."

Sauti ya mama yule ilimwagika nje ya simu, nikaisikia mpaka upande wangu. Anauliza nani amefuta, na kwa ruhusa ya nani, na watu wameshafika.

"Mimi nimefuta," akasema Mwalimu. Kidole chake kilikuwa kinapiga meza taratibu, moja, mbili, tatu, nne, kisha akakikunja. "Wambie watu waende nyumbani. Mwalimu yenu anakula."

Akaifunga simu, akaitia mfukoni mwake yeye, akamwita mwenye kibanda alete sahani ya pili, nyama iwe nyingi. Nilianza kulia, nikajaribu kusema neno kuhusu siku ile ya kliniki, naye akanisukumia kijiko.

"Kula," akasema. "Pole pole. Hakuna mtu anakungoja."